Uvumilivu Hufundishwa

Nataka tumzungumzie mwanasaikolojia tiba mmoja wa Marekani, Profesa Marsha Linehan. Huyu ndiye mama aliyebuni tiba ya mazungumzo kwa watu wazima ambao machungu ya moyo yamewafikisha mahali pa kutaka kukatisha uhai wao. Najua hili ni jambo zito kulisema redioni, tena saa hizi familia zikiwa pamoja. Tutalisema kwa adabu, lakini tutalisema, kwa sababu wapo wanaosikiliza sasa hivi na jambo hili liko ndani ya nyumba zao.

Nitangulize hoja yangu mapema ili twende sawa. Kwetu mtu akizidiwa na dunia, tuna maneno ya kumpa. Tunamwambia vumilia. Tunamwambia jikaze. Kijana wa kiume anaambiwa asilie kama mtoto, na binti akirudi nyumbani na kilio cha ndoa anaambiwa ndoa ndivyo zilivyo. Tunayasema kwa nia njema, maana na sisi tuliambiwa vivyo hivyo. Lakini hebu jiulize, ni nani aliyewahi kukaa nawe akakuonyesha namna ya kuvumilia? Ni saa nane ya usiku, usingizi umekataa, moyo unadunda, kichwani kunapita jambo moja tu la hatari. Ufanye nini kwanza? Kisha ufanye nini? Profesa Linehan ameutumia utu uzima wake wote kulijibu swali hilo. Anasema uvumilivu ni ujuzi, kama ushonaji ulivyo ujuzi. Una hatua zake na mazoezi yake, na ambaye hakufundishwa si haki kumlaumu kwamba hajui.

Sasa huyu Marsha Linehan ni nani, na ameyajulia wapi haya?

Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Tulsa, jimbo la Oklahoma, mtoto wa tatu kati ya sita katika familia ya Kikatoliki. Baba yake alifanya kazi katika biashara ya mafuta, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na njaa. Marsha alikuwa msichana anayefanya vizuri shuleni na mwenye kipaji cha kupiga piano. Lakini ndani ya moyo wake mambo yalikuwa mengine. Alipokaribia kumaliza sekondari alizama katika huzuni iliyowashinda watu wa nyumbani, na mwezi Machi mwaka 1961, akiwa na miaka 17, akalazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili iitwayo Institute of Living, mjini Hartford, jimbo la Connecticut.

Alikaa humo miaka miwili na zaidi. Alijidhuru kila alipopata nafasi, mpaka akawa anafungiwa peke yake katika chumba kisicho na kitu cha kumuumiza. Madaktari walimhesabu miongoni mwa wagonjwa wazito kuliko wote waliokuwa nao. Walimpa jina la ugonjwa, skizofrenia, ambalo yeye mwenyewe baadaye alilikataa. Walimpa dawa kali za kutuliza akili, na wakampa tiba ya mshtuko wa umeme kichwani. Tiba hiyo ilifuta sehemu kubwa ya kumbukumbu zake za utotoni, na alipokuja kuandika kitabu cha maisha yake ilimbidi awaulize watu waliomfahamu zamani. Mwezi Mei mwaka 1963 akaruhusiwa, akiwa na matumaini kidogo sana kwa maelezo ya madaktari wenyewe.

Humo hospitalini Marsha alimwekea Mungu nadhiri. Aliahidi kwamba akitoka katika jehanamu ile, atarudi kuwatoa wengine. Nawaomba mlishike neno hili la kurudi, kwa sababu kazi yote aliyoifanya miaka iliyofuata imejengwa juu yake.

Baadaye alihamia Chicago. Mchana alikuwa karani katika kampuni ya bima, jioni akisoma chuo kikuu cha Loyola, ambacho ni chuo cha Wajesuiti. Hakuwa amepona. Hatari ilikuwa inamrudia mara kwa mara. Mwaka 1967, akiwa anasali katika kanisa dogo la kituo cha mafungo hapo Chicago, lilimpata jambo ambalo amelisimulia mwenyewe mara nyingi. Alisikia amezungukwa na upendo, akakimbilia chumbani kwake na kujiambia kwa sauti kwamba anajipenda. Tangu siku ile, anasema, alipiga hatua ambayo hakurudi nyuma yake. Huzuni ilimjia tena, lakini hakujidhuru tena.

Mtu mwingine angeishia hapo, akawa shahidi wa imani yake na kuwahimiza watu wasali. Linehan ni mtu wa sala. Lakini aliliuliza jambo lile swali gumu: kilichobadilika ndani yangu ni nini, na ninaweza vipi kumfundisha mtu ambaye hatapata siku kama ile yangu? Aliona kwamba alikuwa amejikubali alivyo. Kwa miaka mingi alikuwa ametazama pengo kati ya mtu aliyetaka kuwa na mtu aliyekuwa, na pengo lile ndilo lililokuwa likimuua. Siku ile alilikubali. Na baada ya kulikubali, ndipo alipopata nguvu ya kubadilika.

Alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971. Akafanya mafunzo ya vitendo katika kituo cha kuzuia watu kujiua mjini Buffalo, kisha akajifunza tiba ya tabia, ambayo ni elimu ya kubadilisha mwenendo wa mtu hatua kwa hatua kwa mazoezi yanayopimika. Mwaka 1977 akahamia Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, na huko ndiko alikofanya kazi iliyompatia jina. Alipiga simu kwenye hospitali za mji akiomba wamletee wagonjwa wao wagumu kabisa, wale wanawake waliojaribu kujiua mara kwa mara na ambao kila daktari alikuwa amechoka nao.

Wengi wao walikuwa na tatizo la haiba ambalo dalili zake wengi tunazijua hata kama jina lake hatulijui. Ni mtu ambaye hisia zake zinapanda haraka, zinapanda juu sana, na zinachukua muda mrefu kushuka. Anaogopa kuachwa kuliko kitu chochote. Leo anakupenda, kesho anakuchukia, na katikati ya hayo yote anajidhuru. Mtaani tunamwita mkorofi, au tunasema ana mapepo, au anatafuta kuonewa huruma.

Linehan alieleza chanzo chake kwa namna inayotuhusu moja kwa moja sisi wazazi. Kuna mtoto anayezaliwa na moyo mwepesi kuguswa. Hilo ni umbile lake, kama wengine wanavyozaliwa na ngozi inayoungua upesi. Mtoto huyu akilelewa mahali ambapo kila akilia anaambiwa acha kudeka, kila akiogopa anaambiwa hakuna cha kuogopa hapo, kila akisema ameumia anaambiwa mbona wenzako hawalalamiki, anajifunza mambo mawili. Anajifunza kwamba anachokisikia ndani yake si cha kweli. Na anajifunza kwamba ili watu wamwamini, lazima afanye jambo kubwa la kutisha. Akifika utu uzima, umbile lile na malezi yale yanakutana, na hapo ndipo balaa linapoanza. Sisemi wazazi ni wabaya. Nyumba yenye upendo mwingi inaweza ikawa na tabia hii ya kumkatalia mtoto machozi yake.

Sasa sikiliza jinsi tiba yenyewe ilivyozaliwa, maana ilizaliwa kwa kushindwa. Linehan alianza na kile alichosomea, yaani kubadilisha tabia. Mgonjwa anakuja, wanatafuta tatizo, wanapanga namna ya kulitatua. Wagonjwa wakamjia juu. Walisikia kwamba wanaambiwa wao ndio wenye makosa, kama walivyoambiwa maisha yao yote. Baadhi walitoka chumbani kwa hasira. Basi akageuza, akawa mtu wa kuwasikiliza na kuwapa pole tu. Wakamjia juu tena. Walisema wanateseka, na yeye amekaa tu anatikisa kichwa, hana msaada wowote wa kuwapa.

Hapa, msikilizaji, ndipo lilipo fundisho ambalo naliona ni kubwa kuliko yote. Linehan aliamua kufanya yote mawili, katika kikao kimoja, wakati mwingine katika sentensi moja. Anamwambia mgonjwa kwamba kwa yale aliyoyapitia, alivyo leo ni jambo linaloeleweka, na wala si kichaa. Kisha anamwambia kwamba akiendelea hivi atakufa, kwa hiyo kuanzia leo wanajifunza njia nyingine. Ili aweze kufundisha upande ule wa kukubali, yeye Mkatoliki alikwenda kukaa na watawa wa Kibuddha wa Zen kule California, kisha akaenda Ujerumani kwa Willigis Jäger, padri Mbenediktini ambaye alikuwa pia mwalimu wa Zen. Alichokichukua huko ni zoezi la kutulia na kulitazama jambo lilivyo bila kulikimbia, akaliondolea mavazi ya dini ili mgonjwa wa imani yoyote aweze kulifanya. Tiba hiyo akaiita tiba ya tabia ya kidialektiki, na duniani kote inajulikana kwa herufi zake tatu, DBT. Vitabu vya kuifundisha vilitoka mwaka 1993.

Inafanyikaje? Ina sehemu nne. Kila wiki mgonjwa anakutana na mtaalamu wake, wawili peke yao. Kila wiki tena anahudhuria darasa la ujuzi pamoja na wenzake, la saa mbili hivi au zaidi, na humo wana daftari na kazi za kufanyia nyumbani. Kati ya vikao anaruhusiwa kumpigia simu mtaalamu wake anapozidiwa. Na wataalamu wenyewe wanakutana kila wiki kusaidiana, kwa sababu kazi hii inaweza kumvunja mtu moyo.

Tuingie chumbani tuone. Nitatoa mfano wa kubuni ili tuelewane. Mama mmoja, muuza vitenge, ana miaka 34. Ijumaa usiku alijidhuru, na leo Jumatatu yuko mbele ya mtaalamu. Anaulizwa ilikuwaje, anasema alikuwa na hasira tu. Mtaalamu hatosheki na jibu hilo. Anachukua karatasi, wanarudi nyuma polepole. Alhamisi usiku hakulala, mtoto alikuwa na homa. Ijumaa asubuhi alitoka bila kula. Saa tano mteja akamrudishia doti mbili akidai rangi imechuja, akataka pesa zake mbele ya watu. Saa tisa dada yake akamtumia ujumbe kwamba hatakuja kwenye shughuli ya Jumamosi. Hapo mtaalamu anamsimamisha: ulipousoma ujumbe ule, kichwani kwako ulijiambia nini? Mama anafikiri. Anasema, nilijiambia hakuna anayenitaka. Na mwilini? Kifua kilibana, masikio yakawa ya moto. Kisha? Nikafunga biashara mapema, nikazima simu, nikajifungia.

Wanaitazama karatasi pamoja. Kumbe hasira ilikuwa mwisho tu wa mnyororo mrefu, na kila pingili ya mnyororo huo ingeweza kukatwa. Angekula asubuhi. Angempigia dada yake aulize sababu kabla ya kujijibu mwenyewe, maana huenda naye alikuwa na mgonjwa. Asingezima simu. Hakuna anayemsuta mama huyu hata kidogo. Lakini pia hakuna anayemwambia pole mama, yaliyopita si ndwele, kisha mambo yakaishia hapo. Wanachagua pingili moja na wanafanyia mazoezi palepale njia ya kuikata wiki inayofuata.

Mazoezi gani hayo? Darasa la ujuzi lina mafungu manne, nami nitayagusa kwa ufupi.

La kwanza ni kutulia na kuwapo hapa ulipo, kuitambua hisia kuwa ni hisia na wazo kuwa ni wazo. La pili ni kuhimili machungu, na hapa ndipo ule usiku wa saa nane unapopata jibu. Moja ya njia zake ni beseni la maji baridi. Unainama, unabana pumzi, unazamisha uso kwenye maji kwa muda wa nusu dakika hivi, mpaka macho na mashavu yapate baridi. Mwili wa mwanadamu umeumbwa kwamba uso ukizama kwenye maji baridi na pumzi ikiwa imebanwa, mapigo ya moyo hupungua. Moyo ukitulia, kichwa nacho kinapata nafasi. Mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo bila kumuuliza daktari wake. Beseni halimalizi deni wala halimrudishi mume. Kazi yake ni kukuvusha dakika zile kumi za hatari bila kufanya jambo lisilorudi nyuma, na watu wengi waliopotea walipotea katika dakika kama hizo.

Fungu la tatu ni kuzitawala hisia. Kwanza unauliza, je, hisia hii inalingana na ukweli wa jambo lenyewe? Ikiwa hailingani, unafanya kinyume cha inavyokuagiza. Huzuni inakuambia jifungie, wewe unatoka, unakwenda hata dukani kununua chumvi. La nne ni kusema na watu. Wengi wetu hatujui kuomba. Tunakaa kimya mpaka tunafura, kisha tunalipuka. Linehan alifundisha utaratibu: eleza jambo lilivyo, sema linavyokugusa, taja unachotaka, onyesha faida yake. Kwa mfano: bosi, mwezi huu nimepangiwa zamu za usiku wiki tatu mfululizo. Nimechoka, na watoto hawanioni. Naomba wiki ijayo nipangiwe mchana. Nikipumzika kazi yangu itakuwa nzuri zaidi. Ni maneno machache tu, hayana tusi wala machozi, na darasani yanarudiwa mpaka ulimi unayazoea.

Kuna kanuni moja ya tiba hii inayohusu simu, nami naona inafaa kila ukoo uifikirie. Mgonjwa anahimizwa apige simu kabla hajajidhuru. Akishajidhuru, uhai wake utalindwa na hospitali itahusika, lakini kwa saa 24 zinazofuata hapati yale mazungumzo marefu ya faraja kwa simu kutoka kwa mtaalamu wake. Inaonekana ni ukali, lakini ina maana yake. Mtu akigundua kwamba watu wanamkimbilia pale tu anapoumia, amefundishwa kuumia. Sisi tuna desturi nzuri ya kukusanyika jambo likishatokea. Tunajaa hospitalini, tunaleta uji na matunda, tunakesha. Tujifunze kukusanyika mapema, siku ile mtu anaposema tu kwamba amechoka.

Msikilizaji unaweza kuuliza, haya yana ushahidi? Yanao, na Linehan alikuwa mkali katika hilo. Mwaka 1991 alichapisha utafiti wake wa kwanza mkubwa: baada ya mwaka mmoja wa tiba, wanawake waliopata DBT walijidhuru mara chache zaidi, walioikimbia tiba walikuwa wachache zaidi, na walilazwa siku chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Watu wakahoji, huenda ni kwa sababu wataalamu wake walikuwa hodari tu. Mwaka 2006 akachapisha mwingine wenye wanawake 101, safari hii akiwalinganisha na waliotibiwa na wataalamu waliosifika kwa uhodari wa kazi hiyo. Waliopata DBT walikuwa na uwezekano wa kujaribu kujiua uliopungua kwa nusu. Na mwaka 2015 akachapisha utafiti wa kuitenganisha tiba vipandevipande aone ni kipi kinachofanya kazi. Lile darasa la ujuzi lilionekana kubeba uzito mkubwa.

Lakini kabla ya utafiti huo wa mwisho, mwaka 2011, lilitokea jambo jingine. Mgonjwa mmoja, alipoyaona makovu mikononi mwa Linehan, alikuwa ametaka kujua kama naye alikuwa mmoja wao, kwa sababu ingewapa wote matumaini. Mwezi Juni mwaka ule, akiwa na miaka 68, Profesa alirudi katika hospitali ileile ya Hartford alikofungiwa akiwa binti. Mbele ya ndugu, marafiki na madaktari akaisimulia habari yake kwa mara ya kwanza hadharani, na gazeti la New York Times likaiandika. Kwa miaka mingi alikuwa ameificha, asije akahukumiwa kwa ugonjwa wake badala ya kazi yake. Alipoisema, kazi ilikuwa imekwisha kusimama kwa ushahidi.

Nirudi sasa nyumbani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka duniani, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wakati huohuo sheria tulizorithi kwa wakoloni zimemtazama aliyejaribu kujiua kama mhalifu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinalihesabu jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, na mwezi Januari mwaka 2025 Mahakama Kuu yao ikatamka kwamba kinapingana na Katiba. Naiunga mkono hukumu ile kwa moyo wote. Mtu aliyetoka kwenye mlango wa mauti akikutana na pingu, kesho ndugu yake mwenye shida kama yake atanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoua.

Wanasaikolojia tiba kwetu ni wachache, na tiba kamili ya sehemu nne inahitaji timu nzima na muda mrefu. Hilo ni kweli. Lakini kama darasa la ujuzi ndilo linalobeba uzito, basi tuna mahali pa kuanzia, maana sisi ni watu wa vikundi. Tuna vikoba, tuna jumuiya ndogondogo za makanisani, tuna darsa za akina mama misikitini, tuna vijiwe vya bodaboda. Zimbabwe wametuonyesha kwamba inawezekana: kupitia mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na Daktari Dixon Chibanda, bibi wa mtaani aliyefunzwa vizuri, mwenye mtaalamu wa kumsimamia, anakaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kutatua kinachomsonga. Njia yao ni tofauti na ya Linehan, lakini inathibitisha kwamba elimu hii inaweza kutoka hospitali kubwa ikafika mtaani, mradi wanaoifundisha wamefunzwa na wana wa kuwasimamia.

Naomba nionye jambo moja kabla sijamaliza, nisije nikaeleweka vibaya. Kufundisha uvumilivu si kumrudisha mtu kwenye kipigo. Linehan aliwaambia wagonjwa wake kwamba ukiwa na tatizo una njia nne. Unaweza kulitatua. Unaweza kubadili namna unavyolichukulia. Unaweza kulihimili. Au unaweza kubaki na mateso yako yalivyo. Kulitatua ndiko kunakotangulia. Mwanamke anayepigwa, mfanyakazi anayenyimwa mshahara, hao wana tatizo la kutatuliwa, na sheria ipo. Kuhimili ni kwa yale ambayo hayabadiliki usiku huu: msiba, ugonjwa, jana iliyokwisha kupita. Tumekuwa tukiwahubiria watu uvumilivu mahali palipohitaji haki, na mahali panapohitaji uvumilivu wa kweli tumewaacha bila mafunzo.

Basi tufanye nini, mimi na wewe, kuanzia leo? Mtu wako akikuambia amechoka na maisha, usimkatishe. Mwambie kwamba kwa hayo anayoyapitia, unaelewa kwa nini amefika hapo. Halafu muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Wataalamu wanakubaliana kwamba swali hilo halimpandikizii mtu wazo, na mara nyingi linampunguzia mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye vitu vya kumdhuru, na mpeleke hospitali. Hospitali ya wilaya inatosha kuanzia, nao watakuelekeza mbele, iwe ni Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, au Mathari kwa walioko Nairobi. Na kama ni wewe mwenyewe unayenisikiliza ukiwa katika hali hiyo, mpigie mtu sasa hivi, kabla ya jambo lolote, umwambie maneno haya: nimezidiwa, njoo.

Na siku nyingine ulimi ukitaka kusema vumilia, ongeza neno moja. Sema: vumilia, nikuonyeshe. Kisha kaa chini umwonyeshe, na kama hujui, tafuteni pamoja anayejua. Kumwambia mtu ajikaze na kuishia hapo hakumsaidii kitu. Kilichowasaidia wagonjwa wa Marsha Linehan ni kwamba mtu mmoja aliketi nao wiki baada ya wiki, na daftari mkononi, akiwafundisha.